Rolisi Isiyopiga Kelele

Asubuhi hiyo Zuwena hakuwamiminia wateja wake wa kijiweni kahawa mpaka kwanza awasomee habari. Aliishika simu mbali na uso, maana miwani aliisahau nyumbani, akasoma neno kwa neno kutoka ukurasa mmoja wa mtandaoni wa pale mjini Tabora: gari la kifahari la Gavana wa Kiingereza, Rolls-Royce ya mwaka arobaini na nane, limegunduliwa ndani ya godauni la marehemu Popatlal, mfanyabiashara wa Kihindi. Limegunduliwa, jamani. Godauni lenyewe ndilo hilo wanaloegemea ukuta wake kila siku ya Mungu, na paa lake ndilo linalowapa kivuli mpaka saa nne.

"Basi na mimi nimegunduliwa," akasema Moiz. "Nipo hapa tangu mwaka hamsini na saba."

Huyu Moiz ana duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, na kijiweni wanamwita Rula kwa sababu hapitishi neno bila kulipima. Ukisema umetembea kilomita kumi atakuuliza ulianzia wapi, ukamalizia wapi, na ulipumzika mara ngapi. Pembeni yake alikaa Wakili, ambaye sheria aliisomea nje ya mahakama, chini ya dirisha, akiwaandikia watu barua za malalamiko kwa miaka ishirini. Na mwisho wa benchi, peke yake, kwa tahadhari ya mtu asiyetaka kukunja nguo, alikaa Zablon.

Zablon ni muuza asali. Siku zote huja na kaptula na kofia ya msikitini aliyopewa na rafiki, japo yeye ni Mmoraviani wa kuzaliwa, na baiskeli yake ya madumu huiegesha ukutani. Leo hakuja na baiskeli. Alikuja na suti ya kijivu aliyofungia ndoa, imebana mabegani na kupwaya kiunoni, na tai ya mtu mwingine. Walipomwona wakaanza kumchamba bila huruma.

Wanamwita Dereva. Leseni hana, gari hana, hata baiskeli yenyewe muda mwingi huikokota. Jina lilitokana na hadithi yake moja, anayoisimulia tangu watu wakiwa na nywele kichwani: kwamba marehemu baba yake, mzee Nikolaus, ndiye aliyekuwa dereva wa ile Rolisi, na kwamba alimwendesha Gavana mwenyewe kutoka stesheni ya Tabora mpaka bomani. Kijiwe kimeisikia hadithi hiyo mpaka Zuwena anaweza kuisimulia akiwa anatwanga tangawizi. Kila akiimaliza wanamwambia hiyo chai, ongeza sukari. Naye kila mara hununa, akaenda zake, na kesho yake akarudi kuianza upya.

Ila sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Siku mbili nyuma Bansari, mjukuu wa Popatlal, alifika kutoka Dar es Salaam kulifungua godauni na kuliuza lile gari. Mnunuzi kapatikana, tajiri wa huko huko Dar anayekusanya magari ya kale, na tajiri huyo hanunui gari tupu. Anataka na kitabu cha historia yake: lilitoka wapi, lilimilikiwa na nani, liliendeshwa na nani. Bansari alimpigia Zablon simu, akamwomba afike saa tatu aeleze habari za baba yake zipate kuandikwa.

Zablon hakulala. Miaka yote hiyo ya kuchekwa, leo jina la Nikolaus linakwenda kuchapwa kwenye kitabu, na kitabu hicho atakileta hapa benchini, atakiweka mapajani mwa Rula, na Rula apime. Hakutaka senti ya mtu. Alitaka hilo tu.

"Lakini tuelewane," akaanza Wakili, akijiweka sawa kana kwamba kuna hakimu mbele yake. "Gari lile si la Gavana. Lile ni la Malkia. Aliliacha hapa kwa matumizi ya baadaye."

Zuwena akamwambia Malkia huyo angekuwa na matumizi gani na Tabora, aje kununua uyoga? Yeye alivyosikia kwa bibi yake, gari lilikuwa la mtemi, alipewa na Waingereza ili atie sahihi mambo fulani. Wakili akasema mtemi gani, taja jina. Zuwena akasema hakuambiwa jina, aliambiwa gari. Wakabishana hapo mpaka kahawa ikaanza kupoa kwenye vikombe.

Rula aliwaacha wajichoshe, kisha akawapa ya kwake. Alisema gari lilikuwa la mzungu wa karanga. Mzungu yule alikuja kule Urambo baada ya vita kulima karanga za kulisha Uingereza nzima, akaleta matrekta, akaleta mpishi, akaleta na Rolisi kwa treni. Karanga zikagoma. Mzungu akarudi kwao na sanduku moja, gari akamwachia Popatlal aliyekuwa akimuuzia sukari na siagi ya kopo.

"Kwa hiyo Gavana hakuwahi kulipanda?" akauliza Zuwena.

"Gavana alikuja hapa mara moja, akakaa siku mbili, akaugua tumbo," akasema Rula. "Labda alilipeleka chooni."

Wakacheka mpaka Wakili akamwaga kahawa. Zablon akauma meno. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hasimulii ya kusikia, anasimulia ya kuona. Akiwa mtoto wa miaka minane alisimama pale pale barabarani, akamwona baba yake kwa macho yake, kofia nyeupe kichwani, mikono miwili kwenye usukani, Rolisi ikipita taratibu na bibi harusi wa kina Popatlal kiti cha nyuma. Na haikutoa mlio hata kidogo. Ungesikia mlio wa bangili za bibi harusi, lakini injini hukuisikia.

Hapo hakuna aliyembishia, maana jambo hilo mji mzima unalijua. Ukimya wa Rolisi ya Popatlal ulikuwa sifa ya Tabora. Watu waliozoea magari ya kukohoa kuanzia Igalula mpaka Urambo waliliona lile likiteleza barabarani kama limepakwa samli, wakasema huo ndio ustaarabu. Na lilipopita, wanaume wanne wenye kanzu walitembea nyuma yake kwa heshima, mikono imewekwa juu ya buti. Watu walipenda sana mtindo ule. Mpaka leo mtaa ule, awe Mhindi, Mwarabu au Mnyamwezi, harusi haijakamilika bila wanaume wanne kutembea nyuma ya gari la maharusi wameweka mikono kwenye buti. Wengine gari likiongeza mwendo hulazimika kukimbia, na mwaka jana mjomba mmoja aling'oka jino. Lakini mila ni mila, nani ataiacha.

Katikati ya maneno hayo akaja mama Paskazia wa Igalula, na gunia la karanga alizobebewa na bodaboda. Kila wiki humletea Zuwena karanga za kashata. Ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, mkavu, asiyependa soga. Alisalimiwa shikamoo na benchi zima, akaitikia marahaba mara moja kwa wote, akaketi kwenye gunia lake kusubiri kahawa. Akamtazama Zablon na suti yake juu mpaka chini.

"Nani kafa?" akauliza.

Kabla hajajibiwa Bansari akafika, na bahasha kubwa kwapani na funguo mkononi. Binti mstaarabu, wa miaka thelathini hivi, viatu vyeupe vimeshajaa vumbi la Tabora. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, akamwita Zablon babu, akamshukuru kwa kuja. Zablon akafunga vifungo vyote vya koti. Bansari akasema kabla ya kuandika lolote angependa wafungue boneti, kwa sababu mnunuzi ametuma ujumbe jana: anataka namba ya injini, ailinganishe na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Akiona zimelingana, atalipa. Rula akaambiwa alete spana.

Wakaingia wote, kahawa mkononi. Na kweli, gari lilikuwa zuri. Hata chini ya vumbi la miaka thelathini lilikuwa na madaha, refu, jeusi, taa kubwa za mbele, viti vya ngozi iliyopasuka kidogo tu. Wakili alivua kofia. Zablon alipita upande wa dereva, akachungulia usukani, akahisi machozi yanamlenga, akajifanya ni vumbi. Aliona kofia nyeupe, kama siku ile. Aliiona kabisa.

Rula akahangaika na makomeo yaliyoshika kutu, akayagonga, akanyanyua boneti upande mmoja. Akatazama. Akaenda upande wa pili, akanyanyua na huko, akatazama tena. Halafu akampa Zuwena kikombe chake amshikie.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna nini?" akauliza Bansari.

"Injini. Kuna matofali mawili na kiota cha panya."

Walisogea wote kuchungulia, vichwa vikagongana. Palikuwa peupe pee, unaona sakafu ya godauni. Bansari akakaa kwenye debe bila kujali gauni. Alisema tajiri yule kamwambia waziwazi: bila injini yake yenyewe, yenye namba yake, hilo ni kabati lenye magurudumu, na kabati analo.

Zablon akalizunguka gari. Alisema injini lazima iliibiwa. Juzi juzi hivi, maana baba aliliendesha, yeye aliona, mji mzima uliona, hata Rula aliona. Akamgeukia Rula kwa macho ya kuomba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya kutukanana.

Rula alikuwa ametulia anawaza, jicho moja amelifumba. "Wale wanaume wanne," akasema polepole. "Nyuma. Mikono kwenye buti."

Kisha Zuwena akaanza kucheka kwa puani, akajizuia, ikamshinda.

"Walikuwa wanasukuma," akasema Wakili.

"Walikuwa wanasukuma," akasema Rula. "Na sisi tukasema heshima. Na mimi kwenye harusi yangu nikalipia wanaume wanne wa kusukuma gari linalowaka."

Basi walicheka cheko la watu waliodanganywa miaka sitini, lile lenye hasira ndani yake. Wakamsema Popatlal, wakausema mji, wakayasema mabibi harusi. Wakajicheka wenyewe kidogo, halafu wakakumbuka kwamba kuna mwingine wa kuchekwa zaidi. Wakili akasema historia sasa imenyooka: marehemu Nikolaus alikuwa dereva wa wapagazi. Babu zao walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na wao wakashindwa hata kubadili kazi, wakaendelea kubeba, safari hii gari. Zablon alisimama pale na tai ya watu. Alitamani ardhi impokee. Hasira yake haikuwa kwao hata, ilikuwa kwa yule mtu wa kofia nyeupe aliyemfanya asimame barabarani na kujivuna.

Ni mama Paskazia aliyekata kicheko. Hakuwa ameingia godauni, alikuwa mlangoni, anamenya karanga na kutafuna.

"Injini mnayoitafuta ni ile ya Igalula?" akauliza. "Yenye kibao cha herufi mbili, R na R?"

Wote wakageuka. Paskazia akaeleza kwa namna yake, bila haraka. Mwaka wa njaa, mashine ya kusaga ya Popatlal kule Igalula ilikufa, na spea haikupatikana mpaka Mombasa. Watu walipewa mahindi ya msaada, hawana pa kuyasaga, wanatwanga mpaka mikono inachubuka. Nikolaus alikuwa fundi wa Popatlal. Ndiye aliyemwambia tajiri wake kuna injini nzima imelala mjini inakula vumbi. Akaing'oa mwenyewe, akaipeleka kwa treni, akaifungia mkanda kwenye kinu. Ikasaga. Ilianza na petroli ikamalizia na mafuta ya taa, na wala haikupiga kelele, ungeongea na mwenzako pembeni yake. Tangu hapo ikasaga miaka thelathini na zaidi. Wajane hawakulipa. Wakimbizi wa Burundi walipoletwa Ulyankulu, baadhi yao walipitia pale, na wao hawakulipa. Kila asubuhi kabla ya kusaga Nikolaus alikifuta kile kibao cha herufi mbili kwa kanga ya mkewe.

"Sisi wote wa Igalula tumekulia unga wake," akasema Paskazia. "Hatukujua habari za udereva. Huku mjini alikuwa dereva?"

Zablon aliufahamu unga huo. Baba alirudi nyumbani Itetemia kila Jumamosi, akaoga nje kabla hajaingia ndani, na bado nyusi zilibaki nyeupe. Shuleni watoto wenzake walimwita Pumba. Siku za harusi tu, mara mbili kwa mwaka, baba alivaa kofia na kushika usukani, na siku hizo hakuna aliyemwita Pumba. Kwa hiyo Zablon aliikamata kofia, unga akauacha huko huko Igalula. Hakuwahi kukanyaga kwenye ile mashine akiwa mtu mzima ila mara moja.

Bansari alikuwa amefungua bahasha. Alisema ndani ya mfuko wa mlango wa gari alikuta kadi na barua ya babu yake, ila imeandikwa Kigujarati na yeye hajui kukisoma. Rula, ambaye Kigujarati ndicho lugha ya kwao, akaipokea, akavaa miwani, akaipeleka kwenye mwanga. Alisoma kimya kwanza, kisha akawatafsiria. Kadi ilikuwa na jina la mzungu wa karanga, hakuna Gavana, hakuna Malkia. Barua ilikuwa ya mwaka sabini na nne. Popatlal aliandika kwamba fundi wake Nikolaus amestaafu, na kwa utumishi wake anampa ile injini na mashine ya Igalula, viwe mali yake na watoto wake. Bodi la gari linabaki kwa ukoo wa Popatlal. Asitokee mtu wa kumsumbua.

Wakili alisahau kejeli zote, akaruka mbele ya Zablon na kumshika mabega. Alimwambia unaelewa maana yake? Bodi ni la huyu binti, injini ni ya baba yako, na baba yako ni marehemu, maana yake ni yako. Gari hili haliuziki bila wewe. Wewe si mtoto wa dereva, wewe ni mmiliki mwenza wa Rolls-Royce. Barua ya madai ataiandika yeye mwenyewe, bure kabisa, hata karatasi atatoa.

Hata Zuwena alimtazama Zablon kwa namna mpya. Bansari akasimama kutoka kwenye debe, rangi imemrudia usoni. Akauliza kwa adabu, injini iko wapi sasa, babu, ipo bado Igalula?

Zablon alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Huyu aliiuza," akasema Paskazia. "Alikuja na lori la vyuma chakavu, mwaka uleule alipojengea kaburi la baba yake. Tulimsihi. Alisema hataki kuliona lile lidude la pumba."

"Chuma chakavu," akarudia Bansari.

"Kwa kilo," akasema Zablon. "Walipima kwa kilo."

Rula alikuwa bado ana miwani usoni na barua mkononi. Alimuuliza, bila kucheka, zile fedha alizifanyia nini. Zablon akasema alimjengea mzee. Saruji, vigae, na kibao cha marumaru alichokiagiza Mwanza. Zuwena, ambaye huwa hana simile, akauliza kibao kimeandikwa nini. Zablon akatazama chini, akayasema maneno kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe: hapa amepumzika Nikolaus, dereva wa Rolls-Royce ya Gavana.

Rula akaikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, akamrudishia Bansari.

"Yaani uliuza Rolisi ya baba yako," akasema, "ukanunua jiwe la kusema baba yako aliendesha ya mtu mwingine."

Hakuna aliyecheka. Wakili alijifanya anatafuta kofia yake, nayo ilikuwa mkononi. Zuwena akakusanya vikombe, akarudi kwenye jiko lake, na mama Paskazia akamfuata kwenda kupimiwa karanga. Mmoja mmoja wakatoka juani. Rula alibakia kidogo akazishusha zile boneti mbili taratibu, zisije zikamponda mtu vidole, kisha naye akavuka barabara kwenda dukani kwake.

Walibaki wawili. Bansari alisema gari atalibakiza hapo kwanza, ataongea na ndugu zake. Ila kitabu ataendelea nacho, maana ameshaanza, na hata kama hakuna mnunuzi yeye mwenyewe anataka kujua. Akatoa daftari na kalamu, akageuza debe akamkaribisha Zablon aketi.

"Mzee Nikolaus nimwandikeje, babu?"

Zablon alivua tai, akaiviringisha, akaitia mfukoni. Ilimchukua muda mrefu. Nje Zuwena alikuwa ameanza tena kuchochea mkaa.

"Andika msaga unga," akasema. "Igalula."

Bansari akaandika.